Iran na Israel wanatwangana huko, hesabu ya Costa yangu inapungua huku: tuelewane kuhusu Hormuz

Tairi Kipara (mleta uzi), Jumapili 22 Juni 2025, usiku

Wakuu habari za jumapili. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa nani ana makombora makali, ule una kurasa mia na watu wanatukanana tu, huu ni wa mafuta.

Nina Costa moja ya abiria inapiga Gongo la Mboto hapa Dar. Leo asubuhi nipo kitandani konda anapiga simu, boss sheli ya hapa wanapima lita ishirini ishirini tu, wanasema Iran anafunga bahari. Nikakaa kitako. Marekani kapiga vituo vya nyuklia vya Iran, Fordow, Natanz na Isfahan, usiku wa kuamkia leo, yaani jua halijachomoza vizuri na sheli ya uswahilini kwetu yenye mafuta yaliyoshushwa huko nyuma tayari imeshaingia vitani. Nikamwambia chukua hizo ishirini mkanyage, jioni tutajua.

Sasa nimeshinda nasoma na kuwaza, nikaona nilete hapa maana kwenye magrupu kila mtu anasema lake. Mmoja kaapa kabisa pipa litafika dola 200 ifikapo jumatano. Tupige hesabu za kawaida.

Kabla hawajaanza kupigana tarehe 13, Brent (ile bei ya mafuta ghafi inayofuatwa na wengi duniani) ilikuwa dola 69 hivi kwa pipa. Israel alipopiga tu siku hiyo hiyo ikafunga 74. Ijumaa juzi imefunga 77. Kwaiyo vita ya siku tisa, viongozi wa jeshi wameuawa, miji miwili mikubwa inachomana, na pipa limeongezeka dola nane. NANE. Pipa lina lita 159, gawanya hapo upate senti tano kwa lita, zidisha kwa dola ya sasa ya 2,600 na kitu unapata kama shilingi 130 hivi. Costa yangu inakunywa lita hamsini za dizeli kwa siku, sasa ikikaa hivyo mwezi mzima ni kama 6,500 kwa siku imeondoka kwenye hesabu. Inauma, mimi sisemi haiumi. Ila sio mwisho wa dunia kama wanavyotutisha.

Tatizo ni Hormuz, ule mlango wa bahari wa kutokea Ghuba. Hapo ndo kila mtu roho iko mkononi. Ukiangalia ramani ni kama shingo ya chupa, juu Iran, chini kile kichongoo cha Oman kinaitwa Musandam, na mahali pembamba kabisa ni kilometa 33 tu. Yaani ni karibu nusu ya Dar kwenda Unguja. Na meli hazitumii 33 zote, kuna njia ya kuingia ya kilometa tatu hivi na ya kutokea tatu, katikati pameachwa pa kupishana. Hapo panapita mapipa kama milioni 20 kwa siku, moja ya tano ya mafuta yanayotumika dunia nzima. Mafuta ya Kuwait yote, ya Iraq mengi, gesi ya Qatar karibu yote. Saudia ana bomba la kwenda Yanbu bahari nyekundu, Emirates ana lake la kwenda Fujairah, lakini yote mawili hayabebi hata nusu ya mzigo.

Leo bunge la Iran limepiga kura kwamba pafungwe. Hapo ndo magrupu yamechanganyikiwa. Ila soma vizuri, bunge limeunga mkono, mwenye kuamua ni Baraza Kuu la Usalama wa Taifa lao. Na swali langu mimi kama mfanyabiashara mdogo ni hili, yeye Iran mafuta yake anapitishia wapi? Mafuta yake mengi yanatokea kisiwa cha Kharg, ambacho kiko NDANI ya Ghuba. Mteja wake mkubwa ni China, ndo ananunua karibu yote. Yaani ufunge mlango wa duka lako mwenyewe na mteja wako pekee yuko nje na hela mkononi?

Halafu kuna historia. Miaka ya themanini Iran na Iraq walipigana miaka minane, kuanzia 84 wakaanza kulengana meli za mafuta, mabomu ya majini yakatapakaa, 88 meli ya kivita ya Marekani ikakanyaga bomu, mwaka huo huo mwezi wa saba Marekani akatungua ndege ya abiria ya Iran watu 290 wakafa. Pamoja na yote hayo hapo Hormuz hapakufungwa. Meli zilikuwa zinapita. Zinapita kwa woga, bima juu, ila zinapita.

Kwahiyo ninachosema mimi, sasa hivi hatununui uhaba. Hakuna tone lililopungua. Tunanunua woga. Na woga nao una bei, una bima, una kodi ya meli. Kodi ya yale mameli makubwa ya kutoka Ghuba kwenda China imepanda zaidi ya mara mbili ndani ya siku chache. Tarehe 17 meli mbili za mafuta zimegongana karibu na Khor Fakkan kule Emirates, moto ukawaka, na siku hizo hizo meli nyingi eneo lile zinalalamika GPS inazingua inakuonyesha upo nchi kavu. Wewe nahodha hapo utakubali bei ya zamani?

Nakaribisha mawazo. Matusi peleka kule kwenye ule uzi mwingine.

Kibuyu cha Ndani, Jumapili usiku

Mkuu umeandika vizuri ila unatuliza watu bure. Safari hii Marekani mwenyewe kaingia, sio kama zamani. Subiri soko lifunguliwe. Naweka hapa ushahidi, kesho pipa 100.

Dada wa Vitumbua, Jumapili usiku

Mimi niulize tu kama mama wa nyumbani. Mafuta ya kula nayo yatapanda au ni ya magari tu? Maana 2022 Urusi alivyoingia Ukraine kila mtu sokoni alikuwa anasema Ukraine Ukraine hadi muuza mchicha.

Tairi Kipara (mleta uzi), Jumapili usiku

@Dada wa Vitumbua umenichekesha ila umegusa pale pale. 2022 ile ilikuwa kweli kwa sehemu, Ukraine na Urusi ndo walikuwa wanauza alizeti na ngano nyingi, na Brent mwezi wa tatu ilipanda hadi 139. Petroli Dar ikapita 3,000, serikali ikaanza kutoa ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi. Sasa muuza mchicha yeye anakodi kirikuu kutoka shamba, kirikuu kikipandisha na yeye anapandisha. Ila kirikuu kikishusha umewahi kumuona anashusha? Ndo maana yangu. Safari hii vitumbua vyako viko salama kwa sasa, labda upate muuza mafuta ya kula mwenye tamaa kama ile sheli.

Ami wa Maskati, Jumatatu 23 Juni, asubuhi

Asalaam aleikum. Mie nipo Maskati mwaka wa kumi na tisa huu, nyumbani Unguja. Nimeusoma uzi nikaona niseme nnachokiona kwa macho.

Huku watu wanakwenda kazini kama kawaida. Petroli yetu serikali imeiwekea kikomo tangu mwishoni mwa 2021, haipandi juu ya hapo hata dunia ipinduke, kwa hivyo hiyo hofu ya pampu hatunayo. Hofu yetu ni nyengine. Hawa Oman ndio waliokuwa wakiwasuluhisha Marekani na Iran tangu mwezi wa nne, duru ya sita ilikuwa ifanyike hapa hapa Maskati tarehe 15, Israel akapiga tarehe 13. Jirani yangu Mwomani mtu mzima akaniambia wallahi hawa wametutupia mchanga kwenye chakula.

Na huo Mlango nimefika, mara moja, nilikwenda Khasab, huko huko Musandam, kwa kazi ya umeme. Asubuhi unaona vijiboti vidogo vya kasi vinakuja kutoka Iran vimejaa mbuzi. Mbuzi wazima wamebanana wanalia! Vinashusha, mchana wale vijana wanalala kwenye kivuli, jioni vinapakia masanduku ya sigara na mafriji, vinarudi. Na nyuma yao kule mbali unaona meli ya mafuta moja, nyengine, nyengine, kama gari za moshi, hazikatiki. Sasa mtu akinambia pale patafungwa mie nawaza wale mbuzi watapita wapi, maana wale wamepita vita vyote na vikwazo vyote.

Tairi Kipara (mleta uzi), Jumatatu asubuhi

Ami shukran sana, hii ya mbuzi haipo CNN wala wapi. Huo ndo ushahidi tunaoutaka.

@Kibuyu cha Ndani soko limefunguka usiku, Brent imeruka hadi 81 na kitu. Haya, umepata nusu. Ila sasa hivi nikiandika imesharudi chini ya 80. Tusubirishane.

Mzee wa Saa Nane, Jumatatu mchana

Vijana hamjambo. Mimi nina miaka sabini na mbili na nilikuwa dereva wa shirika la umma, sasa nitawaambia nini maana ya mafuta kupanda.

Iran hiyo hiyo. Mfalme wao Shah kaondoka Januari 79, Khomeini wa mapinduzi karudi Februari, wafanyakazi wa visima walikuwa wamegoma, mafuta yakapungua kweli kweli, sio woga. Pipa lilikuwa kama dola 13 au 14 mwaka 78, ifikapo mwaka 80 limepita 30. Na sisi wakati huo huo tupo Kagera tunamtoa Amin, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika 77, hazina kumebaki vumbi. Mwalimu akatuambia tufunge mikanda miezi kumi na nane. Hiyo miezi kumi na nane mimi bado naihesabu!

Magari binafsi jumapili mwisho saa nane mchana. Ikifika saa nane barabara nyeupe, ukionekana unaendesha polisi wanakuuliza unakwenda wapi na kibali kiko wapi. Harusi zilikuwa zinafungwa asubuhi. Nakumbuka bwana harusi mmoja saa nane ilimkuta njiani, akamalizia safari kwa miguu na suti yake, watoto nyuma wanaimba. Sasa nyie sheli inawapimia lita ishirini mnaita vita.

Tairi Kipara (mleta uzi), Jumatatu mchana

Shikamoo mzee. Hapo umetofautisha kitu ambacho mimi nilikipitia juu juu. 79 mafuta yalipungua kweli. 73 nako Waarabu walikata kwa makusudi kwa ajili ya vita ya Oktoba, pipa likatoka dola tatu hadi karibu kumi na mbili ndani ya miezi michache. Mwaka 90 Saddam kaingia Kuwait, mapipa ya nchi mbili yakatoka sokoni kwa mpigo, bei mara mbili. Hizo ni upungufu. Lakini chukua 2019 mwezi wa tisa, kiwanda cha mafuta cha Abqaiq Saudia kilipigwa na droni, ikaenda nusu ya uzalishaji wa Saudia, jumatatu bei ikaruka karibu asilimia 15, siku moja! Wiki mbili baadae imerudi ilipokuwa. Kwanini? Kwasababu waliotengeneza walitengeneza haraka na soko likaona kumbe tone halikosekani. Kwahiyo unatakiwa uulize swali moja tu ukisikia bomu, je kuna kisima, bomba au meli iliyosimama? Kama hakuna, hiyo ni bei ya woga.

Ukweli Mchungu, Jumatatu jioni

Wote hamjui. Hii vita yote ni mafuta. Marekani anataka bei ipande auze ya kwake. 1953 walimpindua Mossadegh, waziri mkuu wa Iran, kwasababu alitaifisha mafuta, mpaka leo ni hadithi ile ile. Amkeni.

Tairi Kipara (mleta uzi), Jumatatu jioni

Mossadegh hatubishani, alitaifisha 51 akapinduliwa Agosti 53, na CIA wenyewe wamekiri. Wairani hawajasahau na mimi ningekuwa wao nisingesahau. Ila leo mkuu, Trump kaandika mtandaoni kwa herufi kubwa tupu akiwaambia watu washikilie bei chini, anaangalia. Mtu anayetaka bei ipande haandiki hivyo. Marekani anachimba kama mapipa milioni 13 kwa siku, ni kweli wenye visima kule wanafurahi, ila mwenye kupigiwa kura anaogopa bei ya pampu kuliko anavyoiogopa Iran. Mafuta yapo kwenye hii vita kama chumvi ipo kwenye mboga, ila mboga yenyewe ni nyuklia na uhasama wa miaka na miaka.

Ami wa Maskati, Jumatatu usiku

Wanangu, Iran karusha makombora Qatar, kambi ya Wamarekani ya Al Udeid. Anga zimefungwa, Qatar, Bahrain, Kuwait. Mpwa wangu alikuwa kwenye ndege ya Doha wamegeuzwa. Tuombeane dua.

Kibuyu cha Ndani, Jumatatu usiku

NILISEMA. Pipa 100 kesho.

Tairi Kipara (mleta uzi), Jumatatu usiku, saa tano

Ami pole, tupe habari za mpwa.

Wakuu angalieni hiki kioja. Makombora yamerushwa na bei IMESHUKA. Brent inashuka tangu jioni, imefunga 71 na ushee. Watu wa soko wamemsoma Iran ndani ya dakika. Angetaka kuumiza mafuta angepiga meli au visima, kapiga kambi tena inasemekana alitoa taarifa mapema. Soko likasema ahaa huyu anatafuta mlango wa kutokea. Mimi hapo nimevua kofia. Wale jamaa wa London na New York hawana huruma na mtu ila kusoma wanajua.

Kibuyu cha Ndani, Jumanne 24 Juni

Haya wamesimamisha mapigano. Brent 67. Nimekaa kimya.

Mzee wa Saa Nane, Jumanne

Kijana kukaa kimya nako ni mchango.

Dada wa Vitumbua, Jumanne

Kwaiyo imeshuka chini kuliko kabla ya vita? Basi jumatano ya kwanza bei ishuke.

Tairi Kipara (mleta uzi), Jumanne usiku

Dada yangu hapo ndo pagumu. Ewura, mdhibiti wa bei za mafuta, anatangaza jumatano ya kwanza ya mwezi sawa, ila mafuta tunayochota Julai sio yaliyonunuliwa Julai. Yanaagizwa kwa pamoja kupitia PBPA, wakala wa serikali wa kuagiza mafuta, bei inafuata wastani wa soko la Ghuba la mwezi wa nyuma, meli inakuja inasubiri zamu, inashusha Kurasini au pale kwenye boya la Mjimwema, yaje matangini, ndo yaje kwa dada wa pampu. Woga wa Juni utaulipia mwezi mmoja hadi miwili mbele, wakati wenzio London wameshausahau. Na kwenye ile bei weka bima ya meli, weka dola, weka tozo, ile mia moja kwa lita iliyoongezwa 2023 ipo palepale vita iwepo isiwepo.

Mtu atasema tungekuwa na kiwanda cha kusafisha. Tulikuwa nacho TIPER, siku hizi ni matangi. Mombasa nao walikuwa nacho, wakaacha kusafisha 2013. Wote tunaagiza yaliyoshasafishwa, kwahiyo hata bomba la Hoima Uganda kuja Chongoleani Tanga likianza, yale ni mafuta ghafi yanaenda kupanda meli, usikae na kidumu Tanga unasubiri.

Afadhali wa bajaji za gesi. Foleni wanakaa hadi wanasinzia lakini gesi ni ya hapa hapa nyumbani, Songo Songo, haijui Hormuz iko wapi.

Mkamba wa Rongai, Jumanne 15 Julai

Wasee wa Bongo nawasalimu. Nimefufua huu uzi juu ya hasira. Jana EPRA, wadhibiti wa bei za mafuta hapa Kenya, wametangaza, petroli imeongezwa shilingi 8.99 Nairobi, sasa ni 186.31. Mafuta ya taa imeongezwa hata kushinda petroli, 9.65. Vita iliisha lini? Juni 24. Saa hii pipa liko karibu 70. Mimi ni mtu wa boda, nimeuliza mteja aongeze kumi, akaniuliza kwani Iran ni kwenu? Nikakosa jibu. Na ile levi ya barabara walitoa 18 wakaweka 25 mwaka jana, hiyo sio Iran, hiyo ni sisi kwa sisi.

Tairi Kipara (mleta uzi), Jumatano 16 Julai

Pole ndugu. Ndo ile ile, mnalipia Juni. Cha ajabu OPEC (umoja wa nchi zinazouza mafuta) na wenzake wanaongeza mafuta sokoni kila mwezi tangu Aprili, na kwa Agosti wamekubaliana kuongeza mapipa 548,000 kwa siku. Mafuta yanazidi huko, huku boda anaongeza kumi. Na mteja wako nae hana kosa, mshahara wake haufuati soko la Ghuba.

Kwangu huku nilichojifunza, mwenye tangi ndo mshindi. Mwenye ghala anauza ya zamani kwa bei mpya ikipanda, ikishuka anasema ngoja kwanza nimalize ya zamani. Mimi tangi langu ni la Costa tu.

Ami wa Maskati, Jumatano 16 Julai

Mpwa alifika salama, siku ya pili yake. Kanletea tende za Doha.

Tairi Kipara (mleta uzi), Jumanne 5 Agosti, usiku

Konda kapiga tena. Boss kesho jumatano bei mpya, tujaze leo au tusubiri? Nikamuuliza sheli wanasemaje, akasema leo wanapima bila kikomo na yule dada anabembeleza kabisa jaza jaza.

Nimemwambia weka nusu tangi.